Gari kuukuu likikataliwa kwa moshi, tafuta chanzo kabla ya kununua vipuri

GARI la zamani likikataliwa kwenye ukaguzi kwa ajili ya moshi, wenye magari wengi hukimbilia kwa fundi na kumwomba "alirekebishe lipite". Fundi hukaza skrubu ya petroli, humwaga chupa ya dawa kwenye tangi, na gari hurudi likapita. Wiki mbili baadaye moshi ni ule ule. Wanaoumia ni mwenye gari, watoto wanaoketi kiti cha nyuma na mama anayeuza mboga kando ya barabara.

Karatasi ya mashine ya moshi isomwe kama vile daktari anavyosoma karatasi ya maabara. Homa inaweza kuletwa na malaria, kifua au jipu, na kila moja ina dawa yake. Moshi nao ni dalili tu. Uzuri ni kwamba gesi zinazopimwa kwenye sailensa huonyesha, kwa anayejua kuzisoma, ugonjwa wa injini uko upande gani.

Gesi ya kwanza ni kaboni monoksaidi, ambayo hupimwa kwa asilimia. Ikiwa nyingi, injini inapewa petroli kuliko hewa iliyopo ya kuiunguza. Anza na kilicho rahisi: kichujio cha hewa. Katika miji yetu yenye vumbi, kichujio kilichokaa mwaka mzima bila kubadilishwa huwa kama blanketi lililofunika pua. Kama ni gari la kabureta, tazama kama choki imekwama ikiwa imefungwa, au kama kile kiboya cha ndani ya kabureta kimetoboka na kuacha petroli ifurike. Kwenye magari ya injekta, washukiwa ni injekta zinazovuja, sensa ya oksijeni iliyochakaa, na sensa inayopima joto la maji.

Hiyo ya joto yafaa tuisimamie kidogo, kwa sababu gereji zetu nyingi zina mazoea mabaya. Gari likichemka, fundi hung'oa thamostati na kuitupa, akisema inazuia maji yasizunguke. Gari haliwaki moto tena, na mwenyewe hufurahi. Kumbe injini nyingi hutakiwa kufanya kazi maji yakiwa na joto la nyuzi 80 hadi 95 hivi za Selsiasi. Bila thamostati, hasa kwenye baridi ya Limuru au Nairobi mwezi Julai, injini huenda isifikie joto hilo. Kompyuta ya gari hudhani bado ni alfajiri, nayo huendelea kuongeza petroli siku nzima. Kaboni monoksaidi hupanda, mafuta huisha haraka, na mwenye gari hulaumu kituo cha petroli. Thamostati mpya ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu.

Gesi ya pili ni hidrokaboni, yaani petroli iliyopita ndani ya injini bila kuungua. Hii huhesabiwa kwa sehemu katika kila milioni. Ikipanda peke yake huku kaboni monoksaidi ikiwa ya kawaida, tafuta silinda inayokosa moto. Sikiliza injini ikiwa imesimama: je, inatetemeka na kugugumia? Kagua plagi, nyaya zake na koili. Plagi husema mengi. Iliyo na masizi makavu meusi inatoka kwenye injini yenye petroli ya kuzidi, na iliyolowa oili inatoka kwenye injini iliyochakaa ndani. Mpira wa hewa uliopasuka nyuma ya kabureta au kwenye manifoldi nao huingiza hewa ya ziada, mchanganyiko ukawa mwepesi mno kushika moto. Plagi na mipira ikiwa mizima, fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake, huenda vali imeungua au ringi zimekwisha, na hapo gharama ni ya namna nyingine.

Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa pia huunguzwa vibaya. Uchanganyaji huo ulikithiri hata serikali ikaweka tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, ili wachanganyaji wasione faida.

Gesi zote mbili zikiwa juu, nayo injini imekwisha rekebishwa, shuku katalitiki. Hicho ni kile kisanduku kilicho chini ya gari, kati ya injini na sailensa, ambacho ndani yake kuna madini ya platinamu, paladi na rodi. Kazi yake ni kuzigeuza gesi zenye sumu ziwe maji na kaboni dioksaidi, nayo huanza kazi ikishapata joto la karibu nyuzi 300. Zamani risasi iliyotiwa kwenye petroli iliiharibu kabisa. Kenya ilipoachana na petroli hiyo mwishoni mwa 2005, magari yalipata nafasi ya kutumia kifaa hicho ipasavyo. Lakini madini yale yana bei, na katalitiki nyingi zimekatwa na kuuzwa, mahali pake pakachomelewa kipande cha bomba. Ukinunua gari lililotumika, inama uangalie. Na kama katalitiki ipo ila imekufa, usiweke mpya kabla ya kujua iliyotangulia iliuawa na nini. Injini inayokosa moto huiyeyusha, na inayokula oili huipaka masizi. Mpya nayo itakwenda njia ile ile.

Kwa magari ya dizeli, macho yanatosha kuanza nayo. Moshi mweusi ni masizi: dizeli nyingi, hewa kidogo. Mara nyingi nozo zimechakaa, kichujio cha hewa kimeziba, au bomba la tabo linavuja. Kuna pia lori na matatu ambazo pampu yake ilifunguliwa kwa makusudi ili ipande mlima kwa nguvu. Moshi wa buluu, uwe wa petroli au dizeli, ni oili inayoungua. Ukitoka asubuhi gari linapowaka kisha ukapungua, tazama mipira ya vali. Ukitoka kila unapokanyaga mafuta, tazama ringi. Moshi mweupe usioisha hata injini ikipata joto, huku maji ya rejeta yakipungua, huelekeza kwenye gasketi ya hedi.

Kwa nini mambo haya yamo kwenye ukurasa wa afya? Mwaka 2012 shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyojulikana kuwaletea binadamu kansa. Masizi yake ni madogo kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu, na mtu mwenye pumu huyahisi siku hiyo hiyo. Tangu Januari 2015 dizeli inayouzwa nchini hutakiwa isizidishe sehemu 50 za salfa katika kila milioni, lakini dizeli safi haiwezi kuokoa nozo mbovu.

Kaboni monoksaidi ni hatari ya karibu zaidi. Haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu zinazozidi mara 200 zile za oksijeni, hivyo mwili hukosa hewa hali mtu anapumua. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na ni rahisi kudhaniwa kuwa malaria. Dereva anayeumwa kichwa kila akiendesha, kisha akapata nafuu akikaa nje kidogo, alipeleke gari lichunguzwe ekzosi kabla ya kununua vidonge vingine. Bomba lililotoboka chini ya sakafu, au mlango wa nyuma usiofunga sawasawa, huvuta moshi hadi ndani. Tundu hilo pia huharibu kipimo: hewa ya nje huingia kwenye bomba, sensa ya oksijeni hudanganyika, na kompyuta huongeza petroli isiyohitajika. Ndiyo maana fundi mwangalifu huziba ekzosi kwanza kabla ya kugusa kitu kingine.

Mtu akizidiwa, mtoeni kwenye hewa safi na kumkimbiza hospitali. Kwa kupumua hewa ya kawaida, nusu ya gesi hiyo huchukua saa nne au tano kutoka kwenye damu. Akipewa oksijeni kwa barakoa, muda huo hupungua hadi saa moja na nusu hivi. Mama mjamzito apelekwe hata akisema anajisikia nafuu, kwa sababu gesi humkawia mtoto tumboni kuliko inavyomkawia mama.

Siku ya kurudi kwenye ukaguzi, badilisha oili kama imekwisha muda wake na uendeshe gari kwa dakika 20 hivi ili injini na katalitiki zipate joto. Omba karatasi ya vipimo hata ukipita, uihifadhi pamoja na stakabadhi za gari. Mwakani, tarakimu zikianza kupanda, fundi atajua pa kuanzia.