Timu inayoburuza mkia imsajili nani kwanza?

Katika baadhi ya ligi za Marekani timu iliyoburuza mkia ndiyo hutangulizwa kuchagua vijana wapya. Kwetu, usajili ukifunguliwa, mwenye fedha ndiye wa kwanza. Basi timu ya Bububu inayonusa kushuka daraja iwahi mapema viwanja vya mtaani kwake, kabla wakubwa hawajafika. Ianze na mlinda mlango na beki wa kati, mshambuliaji wa kutoka Bara (na bei zao, jamani!) angoje, kwani ukifunga mawili ukafungwa matatu, pointi huna. Na kila kijana aandikiwe mkataba. Feisal Salum alitokea JKU, hapa hapa Unguja, akatua Yanga mwaka 2018. Kijana wenu akiitwa hivyo bila ya karatasi, klabu haipati hata nauli ya daladala.