Mboya na Odinga: Kabila Moja, Siasa Mbili

Wakenya wengi hudhani kwamba ukijua kabila la mtu, umeshajua siasa zake. Tom Mboya na Jaramogi Oginga Odinga wanaukanusha mtazamo huo. Wote walikuwa Waluo, wote walipigania uhuru wakiwa katika chama cha KANU, na bado kufikia 1966 walikuwa mahasimu.

Odinga alikulia Bondo, akafundisha Maseno, kisha mwaka 1947 akaanzisha Luo Thrift and Trading Corporation ili Waafrika wachange fedha zao na kufanya biashara bila kumtegemea mgeni. Imani yake ilikomaa humo: uhuru bila mali mikononi mwa wananchi haujakamilika. Baadaye aliwatafutia vijana nafasi za masomo katika nchi za kikomunisti.

Mboya alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la mkonge la mlowezi, Kilima Mbogo, alikofanya kazi baba yake. Nairobi ilimwingiza katika vyama vya wafanyakazi, Ruskin College ya Oxford ikamnoa, na marafiki wa Marekani wakamsaidia kuwasafirisha wanafunzi kwenda kusoma Marekani kuanzia 1959. Kwake yeye, uchumi ukue kwanza, mitaji ya nje ikaribishwe. Ndiyo roho ya waraka maarufu wa serikali kuhusu uchumi, Na. 10 wa 1965.

Kinyume chake, siasa moja iliweza kuunganisha makabila tofauti: Odinga alipoondoka KANU na kuunda chama cha upinzani, KPU, aliungana naye Bildad Kaggia, Mkikuyu aliyefungwa na wakoloni pamoja na Jomo Kenyatta, aliyekuja kuwa rais, baada ya kesi ya Kapenguria. Kaggia alikuwa amekwisha kupoteza unaibu waziri mwaka 1964 kwa kuwatetea wasio na ardhi.