Kutoka mlinzi hadi msanii wa kimataifa: Nyumba ya Sanaa ilivyombeba Lilanga

Kama uko Mbekenyera, Ruangwa, na unachora au kuchonga, hii inakuhusu.

George Lilanga alizaliwa mwaka 1934 kijiji cha Kikwetu, Masasi, na kuchonga alijifunza huko huko kusini. Miaka ya 1970 alihamia Dar es Salaam, akapata kazi ya ulinzi Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt.

Kituo kilifanyaje kazi?

Halikuwa duka tu. Wasanii walichora, kuchonga na kutengeneza batiki palepale. Mgeni aliwaona kazini, akachagua, akanunua.

Mlinzi naye akapata nafasi. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, Marekani. Alipofariki mwaka 2005, mashetani wake wenye masikio makubwa na rangi kali walishajulikana duniani.

Tunajifunza nini?

Kipaji alitoka nacho kusini. Alichokuwa hana ni sehemu ya kufanyia kazi na watu wa kuiona. Kijijini mnaweza kuanza na darasa linalokaa wazi Jumamosi: meza, rangi za kuchangia, ukuta wa kutundikia, na bei iliyoandikwa.