SIKU MOJA MWANZA KABLA YA KUPANDA NDEGE

Akina mama wengi wa Shinyanga na Geita tunaijua Mwanza kwa mambo matatu: hospitali, mizigo ya duka na ndege ya kwenda Dar es Salaam. Tunashuka kwenye basi, tunashughulika, tunaondoka. Safari hii tulikuwa akina mama wanne wa kanisa moja, na ndege yetu ilikuwa ya jioni. Tukaamua kufika asubuhi tulitazame jiji. Yafuatayo yatakufaa nawe, mama mwenzetu, siku utakapopita huko.

Daraja la Kigongo–Busisi

Wanaotoka Geita na wanaotoka Shinyanga hukutana Usagara. Wa Geita sasa wanapita Daraja la J.P. Magufuli, lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Lina urefu wa kilometa 3, na gari hulivuka kwa dakika chache tu. Zamani ilibidi kungojea kivuko, na siku za foleni saa mbili ziliweza kupita kabla ya kufika ng'ambo.

Sisi tulio wauguzi tunazihesabu saa hizo kwa namna nyingine. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kupoteza maisha ndani ya saa mbili. Kwa mama wa Sengerema au Geita aliyepewa rufaa kwenda Bugando, maji yale yalikuwa kati yake na uhai wake. Hata hivyo, daraja halimsaidii mama anayecheleweshwa nyumbani. Yatupasa kuweka akiba ya nauli mapema, kujua gari litatoka wapi, na kukubaliana na mume kwamba dalili za hatari zikionekana, mama aondoke hata kama yeye yuko machimboni.

Bandarini

Wajerumani waliweka kituo Mwanza mwaka 1892, na reli kutoka Tabora ilifika mwaka 1928. Reli na meli zilipokutana, pamba ya Usukumani ikapata njia ya kwenda pwani. Baadaye meli zilichakaa. Leo bandari imeamka tena. Meli kongwe ya MV Victoria ilikarabatiwa na kurudi majini mwaka 2020, na meli mpya ya MV Mwanza iliteremshwa ziwani Februari 2023. Imejengwa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo.

Ukiitazama meli hiyo huwezi kuisahau MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imejaza kupita kiasi, karibu kabisa na kufika Mwanza. Mamia ya watu walikufa, na wengi wao wamelala katika makaburi ya Igoma. Tena Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, na zaidi ya watu 200 wakafa. Funzo ni moja: chombo kikijaa, shuka na watoto wako, hata kama nauli imeshalipwa. Bora kuchelewa.

Mawe, kisiwa na samaki

Kutoka bandarini si mbali kwenda kuliona Jiwe la Bismarck, lililokaa juu ya mawe mengine kama limepachikwa kwa mkono. Ukiwa na nafasi, panda boti uende kisiwa cha Saanane, kilichofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Ni kidogo, na watoto watawaona swala na pimbi bila safari ndefu ya Serengeti. Wasichezee maji ya ufukweni, kwani ziwa hili lina kichocho. Aliyekwisha kuingia majini apelekwe kupimwa, maana dawa ipo.

Mchana tulikula sato kwa ugali, kisha tukaenda soko la Mwaloni, Kirumba, kununua dagaa. Usiwadharau dagaa. Mtoto anayewala na mifupa yao hupata protini na madini ya kujenga mifupa yake. Chagua waliokauka vizuri, wasio na mchanga wala ukungu. Kwa mtoto mdogo, wasafishe, wakaange kidogo na uwasage, kisha utie katika uji wake.

Uwanja wa ndege

Fika saa mbili kabla. Funga dagaa katika mifuko miwili, harufu isiwaudhi abiria wengine. Mwenye mimba ya zaidi ya wiki 28 aulize mapema, kwani mashirika mengi hutaka barua ya daktari. Mwenye mtoto mchanga amnyonyeshe ndege inapopaa na inapotua, ili masikio yasimwume.

Tulitumia nauli ya daladala, chakula na kiingilio cha Saanane. Mama anayehudumia nyumba mwaka mzima asione haya kujitengea siku kama hiyo. Akirudi atakuwa na hadithi ya kuwasimulia watoto, na nguvu ya kuwalea.