Tuupe jina ugonjwa wanaouficha watu wazima

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Methali hii twaifundisha kila mwaka shuleni, na wanafunzi huitolea mifano ya kifua kikuu, kisukari na hata Ukimwi. Sijapata kusoma insha hata moja iliyoihusisha na mtu mzima anayeponyokwa na choo kabla ya kufika msalani. Si ajabu, kwani tatizo hilo halitajwi nyumbani, halitajwi darasani, na aghalabu halitajwi hata mbele ya daktari. Leo nakusudia kulitaja, na msomaji aniwie radhi iwapo baadhi ya maneno yatamkera.

Mimi si tabibu. Kazi yangu ni isimu, na nimeishika kalamu kwa sababu lugha ina sehemu kubwa katika mateso ya wagonjwa hawa. Kabla ya kufika huko, hata hivyo, yafaa tujue ukubwa wa jambo lenyewe.

Wengi wetu hudhani kwamba hali hii ni ya vikongwe wasioweza kuondoka kitandani. Takwimu zasema vingine. Katika uchunguzi wa afya ya taifa uliofanywa nchini Marekani mwaka 2005 na 2006, watu wazima wanaoishi majumbani mwao, wala si katika makao ya wazee, waliulizwa iwapo katika mwezi uliotangulia choo kigumu, choo cha majimaji au ute uliwatoka bila ya wao kutaka. Asilimia 8.3 walijibu kwamba yaliwapata. Miongoni mwa wanawake ilikuwa asilimia 8.9 na miongoni mwa wanaume asilimia 7.7, tofauti ambayo ni ndogo mno kutufanya tuuite ugonjwa wa akina mama. Waliokuwa na umri wa miaka 20 hadi 29 walikuwa asilimia 2.6, ilhali waliotimiza miaka 70 na zaidi walifika asilimia 15.3.

Takwimu za Marekani si zetu, na hatuna haki ya kuzivisha Kenya kama vazi la kuazima. Lakini tuzichukue kwa mfano tu: kama uwiano huo ungekuwa wa hapa, chumba cha walimu 24 kingekuwa na wawili wenye tatizo hili, nao huenda wasijuane hata wakikaa meza moja kwa miaka kumi.

Ni nini hulisababisha? Mwili hukizuia choo kwa misuli miwili iliyo kama pete: wa ndani, unaofanya kazi bila ya sisi kuuamuru, na wa nje, tunaoubana kwa hiari yetu. Misuli hiyo husaidiwa na ile inayoshikilia viungo vya nyonga, na yote hutegemea mishipa ya fahamu inayouarifu ubongo kwamba haja imekaribia. Kinapoharibika kimojawapo, mlango hulegea. Kisukari cha muda mrefu huweza kuidhuru mishipa hiyo. Kiharusi, majeraha ya uti wa mgongo na maradhi ya kusahau ya uzeeni hukata mawasiliano baina ya ubongo na utumbo. Upasuaji wa bawasiri na tiba ya mionzi ya saratani za nyonga navyo huweza kuacha athari. Juu ya yote hayo kuna kuhara kwa muda mrefu, kwani hata misuli iliyo imara hupata taabu kuyazuia majimaji.

Uzazi nao una fungu lake. Mama anayechanika vibaya wakati wa kujifungua, hadi kwenye misuli ya njia ya haja kubwa, au anayezalishwa kwa koleo, huweza kupona juujuu na kuanza kuona dalili miaka mingi baadaye, uzee unapoongeza udhaifu wake. Ipo pia fistula, tundu linalotokea baina ya njia ya uzazi na kibofu au utumbo mwanamke anapokaa na uchungu siku nzima au zaidi bila msaada. Kuanzia mwaka 2013 dunia imekuwa ikiiadhimisha tarehe 23 Mei kuwa siku ya kuikomesha fistula. Mjini Addis Ababa, Catherine na Reginald Hamlin walifungua hospitali mahsusi ya kuitibu mwaka 1974, na wanawake wengi waliokuwa wamefukuzwa na waume zao walitoka humo wakiwa wazima. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, wahenga walituonya, na mvulana anayelicheka jambo hili na akumbuke alikopitia kuja duniani.

Sababu moja huwahadaa wengi, nayo ni kufunga choo. Mzee asiyekunywa maji ya kutosha na asiyetembea hukusanya choo kigumu tumboni, kisha majimaji hupenya kando ya choo hicho na kuvuja. Jamaa zake huona majimaji, wakasema anaendesha, wakamnunulia dawa ya kuzuia kuhara. Dawa hiyo humzidishia ugonjwa uleule uliomvujisha. Mzee huyu alihitaji kuulizwa maswali mawili matatu bila haya, na hakuna aliyemuuliza.

Hapa ndipo isimu inapoingia. Kiswahili kina tafsida nyingi za haja: twasema kujisaidia, kwenda msalani, kwenda haja kubwa. Zote zamhusu mtu mwenye uwezo, anayekwenda kwa miguu yake na kwa wakati wake. Anayeshindwa kujizuia hana tafsida. Amebakishiwa kitenzi kimoja kikali, kujinyea, ambacho tumezoea kukisikia katika matusi na vichekesho.

Tukitazame kitenzi hicho kisarufi. Kiambishi -ji- humfanya mtenda awe ndiye mtendwa: anayejikata amejikata mwenyewe, na anayejisifu hakusifiwa na mwingine. Kwa hivyo anayesemwa "amejinyea" hukumu yake imekwisha kutolewa ndani ya neno. Yeye ndiye mkosaji na yeye ndiye aliyekosewa. Mgonjwa gani ataingia kwa daktari, mbele ya karani na foleni ya watu, ajishtaki kwa kitenzi hicho? Ndiyo maana wengi husema "tumbo lanisumbua", wakapewa dawa ya tumbo na kurudi nyumbani na siri yao.

Lakini Kiswahili hakikosi njia ya kueleza msiba usio na mkosaji. Twasema mtu amefiwa, ameishiwa, ameharibikiwa, amenyeshewa. Hakuna anayemlaumu aliyenyeshewa kwa kuwa mvua imenyesha. Kwa mtindo huohuo twaweza kusema mtu ameponyokwa na choo, na tatizo lenyewe tukaliita kuponyokwa na choo. Neno ni letu, halina tusi ndani yake, na linaeleza hasa kinachotokea: kitu kilichokuwa kimeshikwa kimeteleza bila mwenyewe kukiachilia.

Wapo watakaonijibu kwamba jina halimponyi mtu. Ni kweli. Lakini matibabu yapo, na mengi si ya kisu: kurekebisha chakula ili choo kiwe na uzito wa wastani, dawa za kuhara kwa anayehara kwa hakika, kutibu kufunga choo, na mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga chini ya maelekezo ya mhudumu. Upasuaji huwafaa baadhi. Wengi hupata nafuu, ila hakuna anayepata nafuu ya ugonjwa asioueleza, na tafiti zimeonyesha mara kwa mara kwamba walio wengi hawamwelezi daktari mpaka awaulize.

Walimu wenzangu, sisi twaweza kufanya mengi bila gharama. Mwalimu wa sayansi anayefundisha mmeng'enyo wa chakula asikome kwenye utumbo mpana kana kwamba mwili waishia hapo. Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha tafsida aulize darasani ni nani tuliomnyima. Mwalimu mkuu ahakikishe msala wa walimu u karibu, una maji na mlango unaofungwa, na asimhoji mbele ya wengine mwalimu anayetoka darasani kwa haraka.

Nanyi wanafunzi, mnarudi likizo katika nyumba zilizo na babu na nyanya. Mkimwona nyanya amekataa kwenda harusini, kanisani au msikitini bila sababu, msikimbilie kusema amezeeka na amekuwa mkali. Mmoja wenu anayemwamini na amkalie karibu faraghani, amuulize kwa heshima: "Nyanya, je, huwa unaponyokwa na choo?" Akijibu ndiyo, mpelekeni hospitalini, na mkifika huko msemeeni kwa neno hilohilo iwapo yeye atashindwa kulitamka.