Fahamu: Biashara ya kaboni na uhifadhi wa misitu

Katika uhifadhi wa misitu, biashara ya kaboni ni utaratibu ambapo jamii au kampuni inayotunza msitu hulipwa kwa hewa ukaa iliyohifadhiwa na miti, au ambayo ingetoka endapo msitu ungekatwa, na kila tani moja huuzwa kama hati kwa mnunuzi anayetaka kufidia uchafuzi wake.

Mfano wa Gazi

Katika Ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale nchini Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, hulinda takriban hekta 117 za mikoko, na mapato yake, ambayo wanakijiji wenyewe huamua yatumikeje, yamegharamia maji na elimu.

Kwa nini inabishaniwa

Ubepari, yaani mfumo wa uchumi unaotanguliza faida ya mwenye mtaji, umechochea ukataji wa misitu kwa ajili ya mbao na mashamba makubwa. Sasa mfumo huohuo, kupitia soko la kaboni, unatarajiwa kuilinda. Wakosoaji husema, na hoja yao ni nzito, kwamba mnunuzi huweza kuendelea kuchafua, ilhali bei hupangwa mbali na wakazi.

Sheria

Tanzania ilitoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022. Sheria ya Kenya ya mwaka 2023 inataka miradi ya kaboni kwenye ardhi ya jamii iwape wakazi angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka, baada ya kuondoa gharama.