Leseni zenye vizuizi za msimbo chanzo

Leseni yenye vizuizi ya msimbo chanzo ni leseni inayomruhusu mtu kuusoma msimbo wa programu ya kompyuta, lakini inambana katika kuutumia, kuubadilisha au kuuza huduma inayotokana nao. Programu ya namna hii si programu huria, hata kama msimbo wake uko kwenye intaneti na kila mtu anaweza kuupakua.

Nchini Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inahesabu programu za kompyuta kati ya maandishi yanayolindwa, na ulinzi huo hauhitaji usajili. Kwa hiyo msimbo uliowekwa hadharani bila leseni yoyote ndio uliofungwa kuliko yote, ingawa huonekana kama mali isiyo na mwenyewe.

Takwimu za zahanati na vituo vya afya vya Wilaya ya Mpwapwa, kama za wilaya nyingine nchini, huingizwa katika mfumo wa taifa unaotumia DHIS2, programu ya Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei. Leseni yake ni BSD, ambayo hasa inataka tangazo la hakimiliki libaki. Wataalamu wa Tanzania wanaweza kuirekebisha bila kuomba ruhusa Oslo. Kama leseni ingeruhusu "matumizi yasiyo ya kibiashara" pekee, lingezuka swali gumu: je, hospitali ya misheni inayotoza wagonjwa ada inafanya biashara? Leseni za aina hiyo mara nyingi hazijibu waziwazi.

Sharti kali si lazima liwe kizuizi. Ushahidi, iliyoanzishwa Kenya mwaka 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, hutumia AGPL: anayeirekebisha na kuitoa kama huduma mtandaoni hana budi kuwapa watumiaji wake msimbo uliorekebishwa. Hakuna anayekatazwa kuitumia, hivyo ni huria.

Baadhi ya kampuni zimehama kutoka leseni huria, zikilalamika kwamba washindani wanauza kazi yao bila kuchangia. MongoDB ilifanya hivyo mwaka 2018. HashiCorp ilipobadilisha leseni ya Terraform mwezi Agosti 2023, watumiaji walichukua msimbo wa mwisho wenye leseni ya zamani wakaanzisha OpenTofu. Waliweza kwa sababu toleo lililokwisha kutolewa kwa leseni huria hubaki nayo. Leseni mpya hugusa matoleo yanayofuata tu.